Mashine Iliyonyimwa Joto

Watu wakimwelezea mdogo wangu huanza na usukani. Husema ndiye mwanamke wa kwanza mtaani kwetu kuendesha gari la kukodi, husema anarudi nyuma uchochoroni kwa kasi ambayo wanaume hawaendi nayo mbele, ndiyo maana wakambandika jina la Bi Gia. Sikatai. Lakini mimi ndiye niliyembeba mgongoni, na mimi naanza na hasira zake, maana ndizo zilizomwokolea gari. Alipokuwa mtoto, ukimnyang'anya kitu hakulia. Alikukazia macho, kimya, mpaka mkono wako wenyewe ukachoka kukishika ukamrudishia. Mama alikuwa akisema huyu ataolewa na mtu mpole au hataolewa kabisa. Akaolewa na mtu mpole, mtunza stoo, mtu wa kucheka taratibu, na mtu huyo akafa mapema.

Gari lilikuwa la mumewe. Dogo, la milango minne. Zamani lilikuwa la bluu na sasa ni rangi ya kitu kilichowahi kuwa bluu. Ni kuukuu lakini si la enzi za kupigwa hendeli. Lina kile kisanduku cha kompyuta chini ya dashibodi kinachoamua petroli iende kiasi gani, ila taimingi ya cheche, yaani wakati wa kuwasha petroli, bado inarekebishwa kwa mkono, kwa kuzungushazungusha. Mdogo wangu alipoachiwa gari hilo aliacha kushona sare za shule akaanza kubeba watu, na baada ya muda akabaki na abiria wa aina moja: wagonjwa wa figo. Huwapeleka kusafishwa damu hospitali iliyo juu mlimani, huwasubiri, huwarudisha wakiwa wamelegea kama nguo zilizokamuliwa. Akiwa nao hapigi honi. Mashimo huyapita kama amebeba trei ya mayai. Mwanamke yule yule ambaye akichomekewa na mwenye lori hushusha kioo na kumwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Basi gari likaanza kugonga. Kwenye tambarare lilikuwa safi, lakini likianza kupanda ule mlima na watu wanne ndani, boneti ikawa inatoa sauti kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo la bati. Mimi nilikuwamo siku moja, nakwenda kumwona daktari wa macho, nikasikia. Nikamuuliza ni nini. Akasema hajui, na akasema hajui kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Halafu ikaja harufu ya petroli mbichi nyuma ya gari, na mdomo wa bomba la moshi ukawa mweusi tii, ukiugusa unatoka na kidole cha masizi.

Kama ingeishia hapo angemezea. Lakini mwaka huo walikuwa wameanza kupima moshi. Kila gari la abiria lilipaswa kwenda kituo cha ukaguzi, wanalitia kijiti bombani, mashine yao inasoma, na likizidisha uchafu unapewa muda wa kulitengeneza na kurudi. Ukishindwa mara ya mwisho kibali cha kubeba abiria kinafutwa. Gari likashindwa. Mkaguzi, kijana mwenye miwani na sauti ya kuchoka, hakumtolea ukali wala upole. Alimwambia tu moshi wake umepita kiwango mbali sana, aende kwa fundi.

Fundi wake ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Hapo gereji wanamwita Bingwa, na yeye anaitika. Mtu mrefu, mikono mikubwa, mcheshi wa kupigiwa mfano. Akifungua boneti husalimiana na mashine kwanza, anaiuliza imeamkaje, na wenzake wanacheka kila siku kana kwamba hawajapata kusikia. Gereji yenyewe ni paa la bati lililoegemea ukuta wa kiwanda, sakafu imenyweshwa oili mpaka imekuwa kama lami, na katikati umening'inia mnyororo wa kunyanyulia mashine. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuligusa gari la kaka yake. Hiyo ilikuwa sheria yake, na mdogo wangu aliikubali.

Akaanza kazi. Alitoa plagi, zote nyeusi kama mkaa, akaweka mpya. Gari likatulia siku chache, plagi mpya zikawa nyeusi, kokoto zikarudi koponi. Akabadilisha filta ya hewa. Akasafisha noseli za petroli. Akamwambia ajaze petroli ile ya ghali, akajaza, likagonga kwa sauti ya chini kidogo. Mwisho akairudisha nyuma taimingi, na kweli kugonga kukakoma. Ila sasa gari likawa halina nguvu, mlimani linakwenda kwa miguu minne, na moshi ukazidi. Mdogo wangu akarudi kulalamika, akaisogeza mbele. Nguvu zikarudi, na kugonga kukarudi nazo. Ikawa hivyo, leo wanatibu mlio moshi unanona, kesho wanatibu moshi mlio unakuja. Kila akitoka pale gereji alikuwa amefunga mdomo kama aliyetia maji. Mimi namjua. Kimya kile si cha subira.

Akalipeleka tena kituoni likiwa na taimingi iliyorudishwa nyuma, bila hata kugonga. Likashindwa vibaya kuliko mara ya kwanza. Na hapo yule kijana wa miwani alisema neno ambalo lilipita masikioni mwetu wote likaenda zake. Alitazama kioo cha mashine yake, akamtazama mdogo wangu, akauliza kama gari limewashwa sasa hivi hapo nje. Mdogo wangu akamjibu kwa mkato kwamba limetoka mjini kati, limepanda, limeshuka, na amelipanga foleni linanguruma asubuhi nzima. Kijana akasema ajabu, maana linatoa moshi wa gari lililoamka. Akagonga muhuri wa kukataa, akamkumbusha kwamba imebaki mara moja tu.

Pale gereji, Bingwa aliposikia, alijifuta mikono, akaita wenzake wawili waje wasikilize. Aliikanyagia mafuta mashine mara kadhaa, akatikisa kichwa kama mchungaji kwenye mazishi. Akasema mbele ya watu:

"Shemeji, tusidanganyane. Mashine imekufa. Bering za chini zimelika, hizo ndizo zinazogonga. Hili likate uliuze chuma chakavu, ninunulie soda, nikutafutie jingine."

Wakacheka. Hata yeye alicheka. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta, nikaona shingo ya mdogo wangu inavimba. Akamuuliza kwa utulivu, kama bering zimelika mbona haligongi sasa, limesimama hapa? Mbona linagonga likibebeshwa mzigo tu, na sauti inatoka juu, nyembamba, wala haitoki chini nzito? Yeye hajasomea mashine, lakini amelikalia gari hilo miaka na miaka, analijua kama mtu anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Bingwa akamwambia amwachie fundi kazi ya fundi. Mdogo wangu akaingia ndani ya gari, akafunga mlango taratibu kabisa. Angeubamiza ningepata usingizi usiku ule.

Lazima nieleze hapa kitu ambacho nyumbani kwetu hakitajwi. Mume wa mdogo wangu alifia ndani ya gari hilo. Alibanwa na kifua, wakamtia kiti cha nyuma, mdogo wake, Bingwa huyu huyu, ndiye aliyeshika usukani, mdogo wangu amempakata mumewe. Katikati ya ule mlima wa hospitali gari likachemka. Mshale wa joto ulilala upande wa pili, mvuke ukatoka chini ya boneti kama mashine ya kupigia nguo pasi, likazima. Waliyapungia magari, hakuna lililosimama upesi. Lilipopatikana la kuwabeba, hakukuwa tena na haja ya haraka. Daktari alisema baadaye kwamba hata wangefika asingepona. Mdogo wangu alimsikiliza, akamshukuru, wala hakuamini neno lake hata moja, na mimi pia sikuamini.

Baada ya matanga Bingwa alilichukua gari, akakaa nalo, akalirudisha. Alisema maneno machache tu: hili halitachemka tena. Na kweli halikuchemka. Tangu siku hiyo mshale wa joto ulilala chini kabisa, jua liwake, foleni iwe ndefu, mlima uwe na watu wanne nyuma, mshale umelala. Mdogo wangu anapanda mlima ule karibu kila siku na wagonjwa wa watu, na kila akiupanda jicho lake moja liko barabarani na jingine kwenye mshale. Akiuona umelala, anapumua. Nani angekipa ubaya kitu kilichokuwa kinampa pumzi?

Sasa ikaja ile miezi ya baridi. Kati ya abiria wake yuko bibi mmoja anayejifunika shali mbili, maana wakishasafishwa damu hutetemeka kama waliotoka majini. Siku hiyo nilikuwa nimekaa mbele. Bibi wa shali akaomba, kwa adabu zake, awashiwe hewa ya joto. Mdogo wangu akazungusha kitufe. Ikaja hewa, baridi. Akazungusha mpaka mwisho. Baridi. Bibi akasema basi mwanangu, labda nayo imezeeka kama sisi, akacheka peke yake huko nyuma. Mdogo wangu hakucheka. Tulikuwa tumekimbia njia nzima, mashine ingepaswa kuwa inaunguza. Akalisogeza gari pembeni, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya mpira mnene unaotoa maji kwenye mashine kwenda kwenye rejeta. Akakiacha pale. Mimi nikamwambia ataungua. Akanitazama.

"Dada, vuguvugu," akasema. "Limetoka mjini mpaka hapa, na maji yake ni ya kunawia uso."

Nikaona maneno ya yule kijana wa miwani yanamrudia usoni. Moshi wa gari lililoamka. Aliwafikisha wagonjwa majumbani mwao mmoja mmoja, akamshika bibi mkono mpaka mlangoni, kisha akalielekeza gari gereji. Sikuambiwa nishuke, na nisingeshuka.

Bingwa alikuwa anakula. Mdogo wangu hakumsalimu. Alimuuliza swali moja tu, kwa nini mashine haipati joto. Na mtu yule, mdomo umejaa, akajibu kwa fahari, wallahi kwa fahari, kama mtu anayekumbushwa wema wake. Alisema ile thamostati aliitoa zamani akaitupa, kwa nchi za jua ya nini? Mafundi wote hapa wanazitoa. Magari yote unayoyaona hapa hayana.

Kwa asiyejua, thamostati ni kifuniko kidogo cha chuma, kinaenea kiganjani, kinakaa kwenye njia ya maji. Mashine ikiwa baridi kinaziba, maji yazunguke humo ndani yapate joto. Likifika joto linalotakiwa kinafunguka chenyewe, maji yaende kupoa. Kikikwama kimefunga, mashine inachemka. Ndicho kilichokwama siku ile mlimani. Lakini ukikitoa, maji yanapoa muda wote, na kile kisanduku cha kompyuta kinaona mashine ni baridi, kinadhani ndiyo kwanza imeamka, kinaongeza petroli. Asubuhi kinaongeza, mchana kinaongeza, miaka nenda rudi. Petroli isiyoungua ikawa moshi, na masizi yakaganda ndani juu ya pistoni, safu juu ya safu, mpaka nafasi ya mlipuko ikawa finyu. Ndipo mashine ikaanza kugonga ikibebeshwa mzigo. Mlio na moshi vilikuwa ndugu wa tumbo moja, na walikuwa wakivitibu kama majirani waliogombana.

Haya yote aliyaeleza Bingwa mwenyewe baadaye, maana ufundi anao, asije mtu akasema namnyima haki yake. Alikuwa anajua kila kipande. Ila kile kimoja hakukihesabu, kwa sababu kwake hakikuwa kitu kilichotolewa. Kilikuwa adui aliyefukuzwa.

Mdogo wangu akamuuliza kwa nini hakumwambia. Bingwa akasema ungeniuliza. Hapo ndipo mori ukampanda. Hakupaza sauti, na wale wenzake wawili waliacha spana zao wakasogea nyuma ya gari jingine.

"Nikuulize nini, shemeji, nisichokijua kipo? Umenibadilishia plagi, umenibadilishia filta, umenifanya kichekesho mbele ya watu ukasema nikate chuma chakavu. Miaka yote hii naendesha gari lenye tundu ndani yake na wewe unalijua. Ulifungua gari la mume wangu ukatoa kitu, ukafunga, ukaniambia halitachemka. Mimi si mtoto."

Bingwa aliweka sahani chini. Ule ucheshi ulimtoka kama koti. Akasema, akitazama sakafu, kwamba siku chache kabla kaka yake hajafariki yeye ndiye aliyeosha rejeta, na alikiona kile kifuniko kina kutu, akakirudisha. Alisema alikirudisha kwa mkono wake, akatuonyesha mkono. Alisema asingeweza kumwambia kwamba ameitoa bila kumwambia kwamba mara ya kwanza aliiona mbovu akaiacha.

Nilidhani mdogo wangu atamhurumia. Watu wa nje wakisikia kisa hiki hungoja hapo, wanatayarisha leso. Hakumhurumia. Alimwambia anajua. Alimwambia amejua tangu siku ile, maana alimwona uso wake pale mlimani alipofungua boneti, na amekaa na jambo hilo bila kumwuliza kwa sababu marehemu alikuwa kaka yake na yeye. Kumkosea kaka yako, akasema, ni mkasa, umetupata wote. Lakini kunificha mimi, na kuendelea kunificha huku wagonjwa wangu wanatetemeka nyuma na kibali changu kinafutwa, hiyo si mikosi, hiyo ni kazi uliyoifanya kila siku ukiamka. Akamtaka atafute thamostati mpya na kuirudisha.

Bingwa akasema hawezi. Afungue mashine yote, sawa; lakini kile kitu kwenye gari lile, mikono yake haitakitia. Mdogo wangu akamwambia basi utaitafuta wewe, nitaitia mimi.

Wakafanya hivyo. Bingwa alifungua silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya mashine, na tukaona wote: juu ya kila pistoni ukoko mweusi mnene kama wa sufuria iliyosahauliwa jikoni. Aliukwangua kwa kipande cha mbao ngumu asije akachuna chuma, akauloweka, akaukwangua tena, bila kuiuliza mashine imeamkaje. Thamostati ilipofika mdogo wangu alikunja mikono ya blauzi. Kwanza aliitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko pale pale gereji, akasimama anaitazama mpaka ikafunguka kwa macho yake. Akaitoa, ikajifunga. Akarudia. Ndipo akaitia mahali pake, Bingwa anamwelekeza kwa maneno tu, gasketi kwanza, huo upande, usikaze sana, akiwa amejishika mikono nyuma ya mgongo.

Siku ya kupanda mlima, Bingwa alikaa nyuma, mahali pale alipofia kaka yake. Hakuambiwa, alikwenda mwenyewe. Mshale ukaanza kunyanyuka. Mdogo wangu akashusha gia. Ukafika katikati, na kabla ya kufika pale alipokuwa akipaogopa, ukasimama. Mashine haikugonga. Tulipofika juu mdogo wangu alisimamisha gari, akashuka, akaenda kusimama peke yake kwenye ukingo wa barabara. Bingwa alifungua mlango ashuke pia. Mimi nikamwambia akae.

Kituoni gari lilipita. Yule kijana wa miwani alisoma mara mbili, akauliza limefanywa nini, na mdogo wangu akamwambia limepewa haki yake. Kibali kikatoka, na wagonjwa wake wakapandishwa kesho yake kama kawaida, bibi wa shali akiwa na shali moja.

Watu wanasema wamepatana, kwa sababu bado gari linatengenezwa pale pale. Hawajapatana. Mdogo wangu analipeleka kwa Bingwa kwa sababu hakuna mtaani anayelijua zaidi, na hilo nalo linamuudhi. Akifika hutandika kitambaa cheupe juu ya benchi, huvuta kile kiti cha plastiki, hukaa. Kila kinachotolewa kwenye gari, hata skrubu, kinawekwa juu ya kitambaa mbele yake, na Bingwa anataja jina lake kwa sauti na kwa nini amekitoa. Mwanzoni wenzake walicheka. Siku hizi na wao wateja wao wanataka kitambaa. Bingwa anataja kimoja kimoja, jasho linamtoka, na mdogo wangu anavikazia macho, hasemi asante, mpaka kipande cha mwisho kimerudi ndani.